Sura ya Saba: Tone Moja Tu

Karibu kila mkutano wa wafugaji husimama mtu akasema, "Daktari, hiyo ni dawa ya majani, kuku haimdhuru." Mwenzake humjibu kwamba vifaranga wamekufa kwa kijicho cha jirani. Kauli ya pili ndiyo mbaya zaidi: inampeleka mfugaji kwa mganga huku mizoga ikioza.

Kuhusu kauli ya kwanza, ni kweli kwamba dawa ya majani iitwayo glaifoseti huzuia kimeng'enya ambacho mmea unacho na kuku hana, kwa hiyo sumu yake kwa kuku ni ndogo. Tatizo ni kuivisha parakwati, dawa nyingine ya majani, sifa hiyo. Parakwati haichagui. Ikishaingia ndani ya seli huzalisha oksijeni kali inayounguza utando wa seli, ya jani au ya kuku. Kiasi kinachoua nusu ya kuku ni kama miligramu 262 kwa kila kilo ya uzito. Dawa ya chupani mara nyingi ina gramu 200 kwa lita, kwa hiyo kuku wa kilo 2 humtosha nusu kijiko cha chai. Kifaranga wa siku moja ana gramu 40 hivi. Piga hesabu hiyo hiyo: miligramu 10 na ushei, yaani tone moja. Halafu mtu anakata galoni la dawa, analisuuza mara moja, na kuwawekea vifaranga maji humo!

Nilipanga kueleza njia tatu za sumu: mdomo, ngozi na pumzi. Lakini ya mdomo ina kisa nisichoweza kukiruka. Mwaka 1957 kuku wa nyama walikufa kwa mamilioni nchini Marekani, matumbo yamejaa maji, maji mengine yamezunguka moyo. Sumu ilikuwa kwenye mafuta ya chakula chao, na katika miaka ya 1960 ikatambuliwa kuwa dioksini, inayozaliwa viwandani pamoja na kemikali za klorofenoli. Dioksini nyingine, ndugu yake, ilichafua dawa ya majani ya 2,4,5-T, iliyomwagwa Vietnam. Kuku hao hawakupuliziwa chochote, walikula tu. Baadaye wakaguzi walilisha vifaranga mafuta yenye shaka, kisha wakapasua kuangalia maji kwenye moyo.

Ngozi na pumzi nazifupisha: usipulizie dawa upepo ukielekea bandani, wala usiwaachie vifaranga majani ambayo dawa haijakauka. Wakifa, peleka mizoga kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwenye barafu bila kuigandisha, pamoja na maji na chakula walichokuwa wakitumia. Ugonjwa wa Gumboro nao huua wadogo, na hakuna anayeutofautisha na sumu kwa kukisia.