Kama ungekuwa nahodha, Tikolo ungempanga namba ngapi?

Kama wewe hupita Forest Road kwa matatu, kuna uwanja upande wa Ngara ambao labda hujawahi kuutazama mara mbili. Nairobi Gymkhana. Tarehe 4 Oktoba 1996, hapo ndani, kijana mmoja wa Pakistan aliyeletwa kwenye timu kwa sababu ya kurusha mpira aliambiwa ajiandae kupiga namba tatu dhidi ya Sri Lanka. Siku mbili nyuma alikuwa amecheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa na hakupiga hata mpira mmoja. Gongo lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la Sachin Tendulkar, aliyempa Waqar Younis ampelekee Sialkot likatengenezewe mfano. Mipira 37 baadaye, Shahid Afridi alikuwa amefikisha mikimbio 100. Alipiga sita mara 11. Rekodi hiyo ya dunia ilikaa mpaka Januari 2014.

Watu husimulia hii stori kwa sababu ya gongo. Mimi huisimulia kwa sababu ya ile namba. Mtu fulani pale kwenye benchi aliamua kwamba kijana wa kurusha apande juu. Angeachwa huko namba nane, angeingia jua likikaribia kuzama, apige mipira kumi, arudi aketi. Talanta ni ile ile, siku ni ile ile, na leo ungekuwa hujui habari yake.

Sasa, kabla sijaacha chuo (karo ilikataa, hiyo tutaongea siku nyingine), nilichezea timu ya kriketi hapo chuoni. Mpangilio wetu ulikuwa rahisi: mwenye kinga zake za miguu ndiye anafungua. Sisi wa kuazima tulingoja atolewe, tuvae zikiwa bado na jasho lake. Mimi nilikuwa namba tisa. Siku moja nikaingia tukihitaji mikimbio 40 kwa ova 12, wiketi saba zimeshaanguka. Nilitoka kwa mpira wa pili. Nahodha hakunisemesha njia nzima ya kurudi hosteli. Nilikuwa na hasira naye, lakini kusema ukweli hata mimi nilikuwa nadhani mpangilio ni foleni tu: hodari mbele, wengine nyuma.

Si foleni. Fikiria hivi. Mechi ya siku moja ni ova 50, yaani mipira 300. Wapigaji ni 11 lakini wanaokuwa uwanjani ni wawili kwa wakati, na ukitolewa umetolewa. Mpira ukiwa mpya ni mgumu, unayumba, na warushaji wa kasi ndio wanaupenda. Lakini hapo hapo sheria inakusaidia: siku hizi katika ova 10 za kwanza ni wadakaji wawili tu wanaoruhusiwa kusimama nje ya duara. Enzi za Afridi zilikuwa ova 15. Kwa hivyo wakati wa hatari zaidi ndio pia wakati ambao mpira ukipita duara hakuna mtu wa kuukimbiza. Utamweka nani hapo, mtu wa kuvumilia au mtu wa kuharibu?

Sri Lanka walijibu hilo mwaka wa 1996 kwa kuwaambia Jayasuriya na Kaluwitharana waingie wakipiga tangu mpira wa kwanza. Hatari ni kubwa, lakini walijua nyuma yao ameketi Aravinda de Silva. Fainali kule Lahore dhidi ya Australia, wafunguzi wote wawili walitoka mapema, de Silva akaingia mambo yakiwa 23 kwa wiketi 2. Akamaliza na 107 bila kutolewa, kombe likaenda nyumbani. Unaona mantiki? Wafunguzi waliruhusiwa kufeli.

Sisi tulikuwa wahanga wa mpango huo, kwa njia. Machi 6 mwaka huo huo, kule Kandy, Sri Lanka waliifunga Kenya mikimbio 398, rekodi ya dunia iliyodumu miaka kumi. Kenya ikajibu 254, na kati ya hizo 96 zilikuwa za mtu mmoja: Steve Tikolo.

Na hapo ndipo swali langu linaanzia. Timu kubwa ina wapigaji sita wazuri na inabishana namna ya kuwapanga. Timu ndogo ina staa mmoja. Utamficha au utamtoa nje mapema?

Ushauri utakaousikia pale kwenye nyasi za klabu zetu Jumamosi ni kumficha. Mweke namba nne au tano, acha wengine wale mpira mpya, yeye aje mambo yakitulia. Inasikika kama busara. Shida ni kwamba kwa timu kama yetu mambo hayakuwa yakitulia. Wafunguzi wakianguka kwenye ova ya tano, huyo uliyemficha anakutana na mpira ule ule mpya, tofauti tu ni kwamba sasa amebaki na wenzake wachache wa kusimama naye. Umempunguzia mipira na bado hujamlinda. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003 kule Durban tulikuwa tunafukuza 270 za India. Tulitolewa wote kwa 179. Tikolo, 56, ndiye aliyefunga nyingi kwetu.

Kwa hivyo mimi nampanga namba tatu, na sibadilishi. Hakuna Mkenya aliyefunga mikimbio mingi kumliko katika ODI. Mtu kama huyo mpe mipira.

Juu yake naweka Kennedy Otieno, bila mjadala. Oktoba 1997, hapo hapo Gymkhana, yeye na Dipak Chudasama walifungua dhidi ya Bangladesh wakaweka 225 kabla wiketi ya kwanza haijaanguka. Otieno 144, Chudasama 122. Na siku tuliyowapiga Sri Lanka, Februari 2003, alifunga 60 kati ya 210 zetu. Mwenzake wa kufungua ningemchukua Ravindu Shah, ingawa najua wazee wa Ngara watanirushia viatu kwa kumwacha Chudasama nje. Shah alifunga 70 siku tuliyoipiga India kule Gwalior, 1998.

Namba nne ndipo mimi na mabeste zangu huwa tunakosana kabisa. Maurice Odumbe alifunga 83 siku hiyo ya Gwalior. Ndiyo, najua, mwaka wa 2004 alifungiwa miaka mitano kwa sababu ya uhusiano na mcheza kamari, na kuna watu hawataki hata kusikia jina lake. Upande wa pili kuna Collins Obuya, ndugu yake Otieno. Wengi humkumbuka kwa wiketi zake tano dhidi ya Sri Lanka 2003, akirusha spini. Halafu nenda 2011, Bengaluru, dhidi ya Australia: Obuya yule yule sasa ni mpigaji wa juu, anabaki uwanjani na 98 ova zikiisha. Mikimbio miwili, buda! Mtu aliyepandishwa ngazi polepole kwa miaka mpaka akafaa. Nampa nne. Odumbe tano.

Sita ni Hitesh Modi kwa sababu anapiga kwa mkono wa kushoto. Hii watu huidharau. Mkono wa kushoto na wa kulia wakiwa pamoja, kila wakibadilishana upande mrushaji anaanza hesabu upya na wadakaji wanahama. Fainali ya 2011, Dhoni alijipandisha mbele ya Yuvraj Singh, sababu moja ikiwa kwamba Gambhir wa mkono wa kushoto alikuwa bado uwanjani. Alimaliza na 91 bila kutolewa. (Modi huyu, baba yake mzazi Subhash alikuwa mwamuzi, na 2006 hapa Nairobi alimtoa kwa LBW kwenye mechi ya kimataifa. Fikiria chakula cha jioni nyumbani siku hiyo.)

Saba, Thomas Odoyo, wa kupiga bila kuuliza maswali. Lakini zikibaki ova 12 na wawili tu wametoka, Odoyo anaruka foleni anaingia nne. Namba ni za karatasi.

Tulipoteza hadhi ya ODI Januari 2014 na hatujarudishiwa. Mechi za ova 50 bado tunacheza, huko ngazi za chini. Siku ukipata nafasi nenda utazame moja, na mechi ikianza usimwangalie mrushaji. Mtafute yule aliyeketi nje ya mpaka na kinga tayari miguuni, gongo magotini, haongei na mtu. Huyo ni namba tatu.