Ukurasa ukizunguka baada ya kuweka PIN, usibonyeze "Lipa" tena

Tuseme uko Shirere, unaagiza godoro kwa tovuti ya duka fulani la Kakamega mjini. Bei ni sh. 4,800. Unaandika namba ya simu, unabonyeza "Lipa", kisanduku cha PIN kinakuja, unaweka. Ukurasa unaendelea kuzunguka tu. Dakika inapita. Wengi wetu hapo hubonyeza tena, na hapo ndipo sh. 9,600 hutoka.

Sisi kazi yetu ni kuunganisha maduka na M-Pesa, kwa hivyo acha tukueleze kinachozunguka ni nini.

Waandishi wa programu wana kitu wanachokiita ahadi. Lugha ya JavaScript iliipokea rasmi mwaka 2015, na maktaba kama axios huitumia kutuma maombi mtandaoni. Ni kama karatasi unayopewa na fundi cherehani: nguo bado, lakini kazi imepokelewa. Ahadi huwa inangoja, imetimia au imekataliwa. Programu huambiwa mapema: ikitimia fanya hivi, ikikataliwa fanya vile, na wakati huo iendelee na shughuli nyingine.

Kwa malipo kuna mtego. Daraja, mfumo ambao Safaricom iliwafungulia watengenezaji wa programu mwaka 2017, hujibu mara mbili. Jibu la kwanza huja haraka likiwa na namba 0, maana yake ombi limepokelewa. Pesa haijatoka, hata PIN hujaweka! Jibu la pili ndilo lenye habari, na Safaricom hulituma baadaye kwa anwani ambayo duka lilitoa. Humo 0 ni umelipa, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni umeghairi, 1037 ni simu yako haikupatikana. Seva ya duka ikiwa imelala wakati jibu hilo linafika, pesa yako imeenda na tovuti haina habari.

Na kila ukibonyeza, hilo ni ombi jipya lenye kitambulisho chake. Mfumo haujui kama umekosa subira au unataka godoro la pili.

Basi achana na ukurasa, angalia SMS kutoka MPESA, kisha salio lako kwa *334#. Kama SMS imeingia na salio limepungua, umelipa. Wapigie dukani uwape ile kodi ya muamala. Ndiyo hiyo hiyo inayokuja kwenye jibu la pili, na wanaweza pia kuiuliza Daraja ombi lako liliishia wapi. Kama hakuna SMS na salio ni lile lile baada ya kungoja kidogo, sasa jaribu tena.

Kisanduku cha PIN kikikujia na hujabonyeza chochote, ghairi. Mtu akikupigia kusema malipo yako "yamekwama", uweke PIN tena, kata simu. Malipo yaliyokwama hayahitaji PIN yako mara ya pili.

Na wewe mwenye duka, muulize fundi wako wa tovuti swali moja: neno "Umelipa" linatokea baada ya jibu lipi? Akisema la kwanza, unapeana magodoro bure.