Kuona Haya, Kusikia Nthoni: Maneno ya Hisia Katika Kiswahili, Kimeru na Kiembu

Utangulizi

Miaka michache iliyopita, nikiwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule moja ya upili karibu na mji wa Embu, nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili aliyesimulia mazishi ya babake. Aliandika kwamba siku hiyo alisikia huzuni, na watu walipomtazama akasikia aibu. Nilichukua kalamu nyekundu, nikakata neno "nilisikia" mara mbili, nikaandika "niliona" pambizoni. Insha zake zilizofuata zilikuwa safi kisarufi. Zilihusu ajali za barabarani, umuhimu wa miti na sherehe za shule. Kuhusu nafsi yake hakuandika tena. Makala haya yamezaliwa na kosa hilo, nalo lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Yananuia kufafanua jinsi lugha zetu zinavyozitaja hisia, na athari ya mtajo huo kwa mwenye kuhisi.

Milango ya hisia

Msemaji wa Kiswahili huziona hisia. Huona haya, huona wivu, huona uchungu, huona raha. Wakati mwingine hisia humvamia: huingiwa na hofu, hupandwa na hasira, hushikwa na woga, hujawa na furaha. Katika semi hizi za pili kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa. Hisia ndiyo itendayo. Binadamu ni mtendwa.

Kimeru na Kiembu, ambazo Malcolm Guthrie aliziainisha kama E53 na E52, jirani kabisa za Kikuyu (E51), zina mlango mwingine. Kitenzi chake ni kwigua, yaani kusikia. Kwa kitenzi hicho mtu husikia ngoma, na kwa hicho hicho husikia nthoni, yaani aibu au haya. Mmeru anayemhurumia mwenziwe husemwa kuwa amesikia kiao, yaani huruma. Aidha, watu wakisikiana, kwiguana, huwa wameelewana.

Bila shaka mwanafunzi wangu alitafsiri kutoka lugha mama. Hata hivyo, hakuwa mbali na Kiswahili kama nilivyodhani. Sisi sote husema tunasikia njaa, tunasikia kiu, tunasikia baridi na tunasikia harufu, ilhali sikio halina kazi katika mambo hayo. Yeye aliutumia mlango ambao Kiswahili chenyewe kimeuacha wazi, ila akaupitishia hisia ambazo mazoea ya usanifu huzipitisha kwingine.

Nthoni, soni na aibu

Suala la pili ni zito zaidi. Neno nthoni halisimami peke yake. Katika lugha hizi, muthoni ni mkwe. Nthoni basi si fedheha ya aliyekosa tu. Ni ile hali ya kujizuia, kuinamisha macho na kupunguza maneno mbele ya mtu anayestahili heshima, kama vile mkwe. Mtu asiye na nthoni hasifiwi kwa ujasiri, bali huonekana hakulelewa.

Mzizi huu ni wa Kibantu na umeenea mbali. Waganda husema ensonyi, Wanyarwanda husema isoni, na Kiswahili kina soni, neno ambalo wengi wetu hulikuta katika mashairi kuliko katika mazungumzo. Aibu na haya yametoka Kiarabu. Aibu asili yake ni dosari, ilhali haya inakaribia staha. Tunapoitafsiri nthoni kuwa aibu, twaweza kumtia mtu dosari asiyokuwa nayo. Msichana aliyesimama kando ya kaburi la babake, akitazamwa na wazee na wakwe, hakuwa amekosa lolote. Alikuwa na soni. Mimi niliyaona makosa ya kitenzi, nikakosa kuuliza juu ya nomino.

Neno na nafsi

Je, jambo hili lina uzito nje ya darasa? Wanasaikolojia wanatufunza kwamba linao. Robert Levy, katika kitabu chake cha mwaka 1973 kuhusu watu wa Tahiti, alieleza kwamba lugha yao haikuwa na msamiati wa kutosha wa huzuni. Mtu aliyefiwa au kuachwa alihisi kitu, lakini alikieleza kama uchovu au ugonjwa wa mwili. Mwaka 2007 Matthew Lieberman na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba mtu anapoitaja kwa neno hisia anayoiona katika picha ya uso, ile sehemu ya ubongo inayohusika na hofu hupunguza msisimko wake. Haimaanishi kwamba asiye na neno hana hisia. Inamaanisha kwamba neno husaidia kuishika hisia na kuituliza.

Tafakari basi juu ya mgonjwa anayetoka Maua au Runyenjes akamwambia daktari kwa Kiswahili, "Moyo unaniuma." Nkoro ya Mmeru, ngoro ya Muembu na moyo wa Mswahili zote ni kiungo cha mwili na pia makao ya hisia. Kifua chake hakina budi kupimwa. Lakini asipoulizwa pia kilichompata nyumbani, huenda akarudi na dawa ya maumivu na msiba wake ule ule.

Hitimisho

Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa hiyo mamilioni ya Wakenya watazidi kulia, kukiri na kuomba msaada kwa lugha ambayo si ya kwanza kwao. Sisi wanafunzi wa Kiswahili, ambao wengi wetu tutakuwa walimu, tuna wajibu wa aina mbili: kufundisha "kuona haya" kama usanifu unavyotaka, na kusikiliza kwanza anayetuambia kwamba amesikia. Neno soni nalo lirejeshwe katika mazungumzo, maana wapo wanaolihitaji. Ningalipata tena daftari lile, ningaliandika pambizoni swali moja, "Walipokutazama, uliogopa watafikiri nini?" Kitenzi kingaliweza kungoja nakala ya pili.