Theluji ya Ruwenzori: satelite zinaona nini kule juu?

Mukaaji wa Mutwanga, katika teritware ya Beni, akiamka asubuhi wakati mawingu yamefunguka, anaona weupe juu ya mlima Ruwenzori. Wazee wanasema zamani ule weupe ulikuwa mukubwa zaidi. Je, wanakosea? Na kama barafu inaisha, mito yetu itakauka?

Wazee hawakosei. Mwaka wa 1906, mwana wa kifalme wa Italia, Duc des Abruzzes, alipanda mlima huo na kuchora ramani yake. Wakati ule barafu ilienea zaidi ya kilomita mraba 6. Picha za satelite zilionyesha karibu 2 mwaka wa 1987, kisha karibu 1 tu mwaka wa 2003. Na tangu hapo imeendelea kupungua.

Satelite inajuaje kama ni theluji na si wingu? Vyote viwili ni vyeupe. Lakini kuna mwanga ambao jicho la mutu halioni. Wingu linaurudisha, theluji inaumeza. Satelite za Landsat, za Marekani, zinapima mwanga wa aina zote mbili, halafu kompyuta inalinganisha. Kila moja inapita juu ya pahali pamoja kila siku 16, na kila kidoti cha picha ni meta 30 kwa 30.

Kazi si rahisi. Ruwenzori inafunikwa na mawingu siku mingi. Tena, theluji ikianguka usiku juu ya mawe, kesho yake utafikiri barafu imeongezeka. Njo maana wataalamu wanachagua picha za kiangazi.

Sasa, ni nini kinakula barafu? Joto limepanda, lakini kuna wataalamu wanaosema hewa kavu pia ina sehemu yake: mawingu yakipungua, jua linapiga barafu moja kwa moja, na theluji mupya haianguki. Kwa hiyo wanafuata pia upepo. Satelite ya Meteosat inakaa juu ya Afrika, kwa urefu wa kilomita karibu 36.000, na inaleta picha kila baada ya dakika chache. Wingu likihama kati ya picha mbili, unajua upepo unaelekea wapi na kwa mbio gani. Kwetu huku, upepo wa bahari ya Hindi unakutana na ule unaotoka magharibi, upande wa pori kubwa la Congo.

Na mito? Utafiti uliofanywa upande wa Uganda, kwenye mto Mubuku, ulionyesha kama maji ya barafu ni chini ya 2 kwa mia. Maji mengine yote yanatoka kwa mvua. Barafu ikiisha, mito haitakauka kwa sababu hiyo.

Lakini hiyo si ruhusa ya kulala. Barafu ni kama shahidi: inatuambia hewa imebadilika, na hewa hiyo hiyo njo inaleta mvua ya mashamba yetu. Mwisho wa 2019, maji ya bahari ya Hindi upande wa Afrika yalipata joto kupita kawaida, na Afrika ya Mashariki ikapata mvua ya kupita kipimo. Barafu hatuwezi kuirudisha. Miti ya mitelemko, inayosaidia udongo kushika maji ya mvua, hiyo iko bado mikononi mwetu.