Mhadhiri asafiripo ng'ambo: Faili moja tu yaweza kumtia gerezani

MHADHIRI anayejiandaa kwa safari ya ng'ambo hukagua pasipoti, viza, tiketi na cheti cha chanjo. Ni nadra akumbuke kukagua yaliyomo ndani ya kipakatalishi chake. Ilhali kwa sheria za mataifa mengi, faili ya utafiti inayovuka mpaka yaweza kuhesabiwa kuwa bidhaa iliyosafirishwa nje ya nchi, sawa na shehena inayopakiwa melini.

Kesi inayotajwa mno kuhusu suala hili ni ya Profesa J. Reece Roth wa Chuo Kikuu cha Tennessee, Marekani. Roth alikuwa mtaalamu mashuhuri wa plazima, yaani gesi iliyotiwa chaji ya umeme. Alishiriki katika mradi uliofadhiliwa na Jeshi la Angani la Marekani, uliochunguza jinsi plazima inavyoweza kudhibiti mkondo wa hewa juu ya mabawa ya ndege zisizokuwa na rubani.

Mnamo Mei 2006, Roth alizuru China kutoa mihadhara. Alibeba kipakatalishi na nyaraka zilizokuwa na habari za mradi huo. Akiwa huko, alitumiwa makala ya utafiti kupitia baruapepe ya msomi mmoja wa China. Isitoshe, katika maabara yake nyumbani alikuwa amewashirikisha wanafunzi wawili wa uzamifu, mmoja raia wa China na mwingine wa Iran.

Linalosikitisha ni kwamba alikuwa ameonywa mapema. Afisa wa chuo hicho anayesimamia sheria za usafirishaji alikuwa amemweleza kwamba kazi hiyo ilidhibitiwa. Roth alijitetea kuwa utafiti ulikuwa ungali katika hatua za mwanzo na haukuwa umezaa chombo chochote cha kivita. Utetezi huo haukumwokoa, kwani sheria hailindi silaha iliyokamilika pekee, bali pia maarifa ya kuiunda.

Alipatikana na hatia Septemba 2008, na Julai 2009 akahukumiwa kifungo cha miaka minne. Mahakama ya rufaa iliidhinisha hukumu hiyo mwaka 2011, na mwaka uliofuata akaanza kutumikia kifungo akiwa na umri wa zaidi ya miaka 70. Chuo chenyewe hakikushtakiwa.

Nchini Marekani, wizara tatu hugawana jukumu hili. Wizara ya Mashauri ya Kigeni husimamia silaha na maarifa ya kijeshi. Wizara ya Biashara hushughulikia vifaa na teknolojia za kiraia ambazo pia zaweza kutumiwa vitani, kama vile aina fulani za kamera za joto, leza na vijidudu vya maradhi. Wizara ya Fedha nayo hutekeleza vikwazo dhidi ya mataifa, kampuni na watu binafsi.

Kwa Wakenya wanaofundisha au kusomea shahada za juu huko, lipo jambo jingine la kuzingatia. Kumfunulia mgeni teknolojia inayodhibitiwa, hata kama yeye na mwenyeji wake wameketi katika maabara moja, huchukuliwa kuwa ni kuisafirisha hadi nchi ya mgeni huyo. Ndiyo sababu mwanafunzi aweza kukubaliwa chuoni na bado akazuiwa kuingia katika chumba fulani au kutumia mtambo fulani. Aliyepewa kibali cha ukaazi wa kudumu hafungwi na kanuni hiyo.

Hata hivyo, sheria hizi hazikukusudiwa kuwaziba wasomi vinywa. Habari zilizokwisha kuchapishwa na kupatikana na umma hazidhibitiwi. Vivyo hivyo, matokeo ya utafiti wa kimsingi ambao kwa kawaida huchapishwa bila kizuizi yana msamaha. Mhadhiri anayekwenda kongamanoni kusoma makala iliyochapishwa hana la kuhofia.

Kasoro huanza pale mkataba wa ufadhili unapompa mfadhili mamlaka ya kuzuia uchapishaji, au kuamua ni raia wa nchi gani washiriki. Hapo msamaha hutoweka. Aidha, msamaha huo ni wa matokeo. Hauhusu mitambo wala sampuli anazobeba msafiri.

Kipakatalishi cha kazi nacho kina nafuu yake. Kwa safari nyingi, sheria ya Marekani humruhusu msafiri kukibeba bila leseni mradi akirudishe katika muda wa mwaka mmoja na asikiache mikononi mwa mtu mwingine akiwa safarini. Kwa nchi zilizowekewa vikwazo vikali, kama vile Korea Kaskazini, nafuu hiyo ni finyu mno na aghalabu leseni huhitajika.

Msomi anayesafiri kutoka Kenya pia hayuko huru kubeba atakacho. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari nyeti za watu, zikiwemo za afya, zisishughulikiwe nje ya nchi bila idhini ya wahusika na hakikisho kuwa zitalindwa. Mtafiti aliyebeba majina na majibu ya wagonjwa katika kidude cha kuhifadhia data tayari anaingia katika mizani ya sheria hiyo. Mimea, udongo na vijidudu navyo vina kanuni zake, zikiwemo zile za mwaka 2006 kuhusu rasilmali za kijenetiki na ugavi wa manufaa yake.

Umuhimu wa kanuni hizo ulidhihirika katika sakata ya Ziwa Bogoria. Vijidudu vilivyochukuliwa huko mapema miaka ya 1990 vilizaa vimeng'enya vilivyotumiwa viwandani ng'ambo kuchujusha rangi ya nguo za jinzi. Mnamo 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) lilijitokeza kudai sehemu ya faida. Kilichoondoka nchini kikiwa sampuli ndogo chupani kilikuwa kimegeuka biashara.

Afanyeje basi msafiri? Hatua ya kwanza ni kuiarifu afisi ya utafiti ya chuo wiki kadhaa kabla ya safari, akieleza aendako, atakutana na nani na atabeba nini. Leseni haitolewi kwa siku moja.

Pili, abebe anachohitaji tu. Vyuo vingi huwaazima wahadhiri kipakatalishi kisicho na faili za zamani. Kisichobebwa hakiibiwi wala hakikaguliwi na maafisa wa mpakani.

Tatu, asikiache chombo hicho ovyo katika chumba cha hoteli, asichomeke vidude vya kuhifadhia data anavyopewa zawadi, na abadilishe nywila zake arejeapo. Kufunga data kwa siri ni kinga nzuri, ila baadhi ya nchi hudhibiti uingizaji wa vyombo vyenye programu hizo, hivyo sharti aulize kwanza.

Wahenga walinena kuwa tahadhari ni kabla ya hatari. Katika kesi ya Roth, tahadhari ilitolewa kwa wakati na afisa wa chuo chake mwenyewe. Kilichokosekana ni kuizingatia.