Kutu ya Pwani na Amana ya Fundi

Asimamaye asubuhi kando ya barabara itokayo Tanga kwenda Muheza huona malori makongwe yakipita na shehena za machungwa, katani, mbao na chumvi, na aghalabu injini zake hunguruma kwa siha njema, ilhali milango na madigadi yake yamelika mithili ya jani lililoingiwa na viwavi.

Asili ya madhara hayo ni bahari. Kila lita ya maji yake ina chumvi kadiri ya gramu 35, na upepo, uwe wa kaskazi au wa kusi, hupeperusha rasharasha za mawimbi zikatua juu ya kila chuma mjini. Chuma hushika kutu kikutanapo na maji na hewa. Chumvi haiuanzishi uadui huo, bali huuharakisha, kwa kuwa huvuta unyevu, na maji yenye chumvi hupitisha umeme mdogo ulao chuma kwa wepesi kuliko maji ya mvua. Tena kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, basi huisukuma rangi kutoka chini hata ikafanya malengelenge.

Kikulacho ki nguoni mwako, nao mlango wa lori ni shahidi wa maneno hayo. Maji ya mvua hupenya kando ya kioo yakashuka mpaka chini, penye matundu madogo yaliyowekwa yapate kutokea. Matundu hayo yakizibwa na udongo mwekundu wa mashambani, maji hutuama humo, na bati huliwa kutoka ndani kuja nje. Siku lengelenge la kwanza lionekanapo, maradhi ni ya zamani.

Kwa hiyo fundi bodi mwenye insafu hatangulizi puti. Hutanguliza nyundo ndogo, akagonga taratibu na kusikiliza: bati zima hulia kwa ukali, bati lililooza hutoa mlio wa kibuyu kilichopasuka. Mlio ulipobadilika huchora mstari wa chaki, kisha huupita kwa upana wa vidole viwili, akakata mpaka afikie chuma king'aacho. Hutengeneza kiraka cha bati la unene ule ule, akakigongagonga kifuate mbinuko wa mlango. Na baada ya kufungua waya wa betri na kujihadhari na tangi la mafuta, hukichomelea kwa vidoti, kimoja huku na kimoja kule, maana bati jembamba likichomwa mfululizo hupinda kwa moto.

Puti nayo ina kazi yake ya halali, nayo ni kusawazisha mabonde madogo juu ya chuma kizima, kabla ya msasa na rangi. Lakini kuizibia tundu ni hiana: hunyonya unyevu, kutu huendelea chini yake, na masika hayaishi kabla haijabanduka, naye aliyeuziwa gari kwa uzuri wa rangi hubaki na hasara.

Amana ya fundi, basi, imo upande usioonekana. Huko ndiko apakako rangi ya kuzuia kutu na grisi, na huko ndiko azibuliako matundu kwa waya. Kazi ikikamilika, humimina kopo la maji ndani ya mlango, akainama kuyangoja chini. Yakiisha kutoka yote, ndipo humwita mwenye gari.