Mteremko Uliofichwa Tumboni mwa Upinde

Upinde wa kisasa unaouona mkononi mwa mlenga shabaha aghalabu si mti mmoja uliochongwa. Ni tabaka za mbao nyembamba zilizoshikamanishwa kwa gundi, mfano wa plaiwudi, kisha mbele na nyuma zikavikwa utando wa nyuzi za kioo. Wajapani wamekuwa wakiunga mianzi na mbao namna hiyo kwa karne nyingi. Nyuzi za kioo zilienea katika karakana za Marekani baada ya vita vya 1939 hadi 1945.

Shughuli pevu imo katika kuzikata mbao hizo. Upinde uvutwapo, mzigo huwa mkubwa karibu na mshikio na kupungua kuelekea nchani. Kwa hiyo kila mkono wa upinde sharti uwe mnene huku na mwembamba kule. Mhadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi, ambaye upinde wake ni mti mmoja, hukwangua kwa kisu, akaupinda, akautazama, kisha akakwangua tena. Fundi wa upinde wa tabaka hana nafasi hiyo. Utando wa nje ndio unaobeba sehemu kubwa ya mzigo, na akiuparura ameudhoofisha pale pale unapohitaji nguvu. Hana budi kuuficha mteremko huo ndani, katika mbao zenyewe, kabla gundi haijapakwa.

Afanyeje basi? Hupasua vipande vyembamba vya mwanzi, au vya mti mgumu wenye nyuzi zilizonyooka. Kisha hutengeneza ubao wa kubebea ulio mshazari, akalaza kipande juu yake na kukipitisha chini ya pipa la msasa linalozunguka. Mshazari uliozoeleka ni milimita 2 kwa kila mita. Kipande cha sentimita 90, chenye unene wa milimita 3 upande wa mshikio, huishia milimita 1.2 nchani. Jicho halioni tofauti hiyo vizuri; yataka kipimo cha chuma.

Pengine utasema fundi huyu anajisumbua bure. La hasha! Unene ukiongezwa mara mbili, ukakamavu huongezeka mara 8. Tita la milimita 10 likikosewa kwa nusu milimita tu, hupoteza kiasi cha asilimia 14 ya ukakamavu wake. Mahali hapo patapinda kupita jirani zake, na hapo ndipo mkono utakapovunjika, tena upinde ukiwa umevutwa hadi mwisho, upote uko shavuni mwa mpigaji.

Ndiyo sababu fundi makini huvisaga vipande vya mikono yote miwili kwa ubao ule ule, kimoja baada ya kingine, bila kugusa kipimo cha mashine. Huviandika namba kwa penseli kwenye ncha nene, maana vikisha kuchanganyika mezani vyote hufanana.